Maziwa hayatoshi: mfupa unataka mzigo

Mhariri, mmeuliza wiki hii: je, aliyevuka miaka 50 akinywa maziwa kila siku atakuwa amejikinga na osteoporosisi, ule ugonjwa wa mifupa kupungua uzito na kuvunjika kirahisi?

Bado. Maziwa huleta matofali, na matofali hayajipangi yenyewe. Mfupa hukaza pale unapobebeshwa. Ndiyo maana kuogelea na kuendesha baiskeli, pamoja na faida zake kwa moyo, huusaidia kidogo tu: maji au tandiko ndilo linalobeba mwili.

Zoezi la kuanzia ni la kiti. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Kaa karibu na ukingo, nyayo zikae sakafuni sambamba na nyonga, kunja mikono kifuani, simama, kisha keti polepole ukihesabu hadi 3. Fanya mara 10, pumzika, rudia. Siku 2 au 3 kwa wiki. Likiwa jepesi, kumbatia kitu cha kilo 1 au 2. Wengi hukosea wakati wa kukaa: hujitupa kitini pu! Kishindo hicho hupanda mgongoni, na pingili iliyodhoofika inaweza kubonyea. Aliyekwisha kupimwa akaonekana ana tatizo aache pia kuinama kugusa vidole vya miguu, maana uzito wote huelemea upande wa mbele wa pingili.

Kalsiamu, yaani madini ya mifupa yaliyomo kwenye maziwa, nayo ina hesabu zake. Mwanamke aliyevuka 50 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Anayeongezea vidonge asimeze vyote kwa mpigo: mwili hufyonza vizuri miligramu 500 au pungufu kwa wakati mmoja. Vidonge vya aina ya kalsiamu kabonati vinataka asidi ya tumbo, kwa hiyo vimezwe na chakula. Vya aina ya kalsiamu sitreti havina masharti hayo. Bila vitamini D, sehemu kubwa hupita tu. Spinachi isiwadanganye: kalsiamu imo, lakini oksalati, kemikali iliyomo kwenye mboga hiyo, huifunga isifyonzwe.

Anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo hudhoofisha mifupa, kwa miezi 3 au zaidi amuulize daktari kuhusu mifupa yake, hata kama ni kijana.

Na pimeni urefu kila mwaka, bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Aliyepungua sentimita 4 tangu ujana aombe picha ya mgongo. Pingili huvunjika hata bila maumivu.