Kabla Hujaifungua Hiyo Redio

Juzi usiku kijana mmoja wa Kakamega alinitumia picha. Redio ya zamani imelazwa kifudifudi mezani, kifuniko cha nyuma kimetolewa, skrubu zimewekwa ndani ya kifuniko cha Blue Band zisipotee. Chini ameandika: "Kaka, nimeona vile vyombo vyako. Nataka kutengeneza kama hivyo. Nianze kukata waya gani?"

Sikumjibu usiku ule. Hilo swali niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikalijibu kwa koleo, na mpaka leo kuna mtu nyumbani kwetu ambaye hajanisamehe.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi hutengeneza vyombo vya muziki vya umeme kwa mikono, hapa Kisumu, ndani ya maganda ya redio kuukuu. Usitarajie ohangla, ile ngoma yetu Waluo. Vinakoroma, vinapiga mbinja, vinalia kama mlango wa lori. Mama huviita kelele, basi. Mwezi uliopita nimeuza cha tano, na aliyenunua yuko Ujerumani, hakuniomba nipunguze hata shilingi moja. Naomba mnielewe, sijisifu. Au najisifu kidogo. Miaka minne ya kuchekwa inampa mtu haki hiyo.

Chombo cha kwanza kilitoka kwenye redio ya marehemu babu. Ganda la mbao, kitambaa cha spika kilichokuwa cha dhahabu kikafifia kikawa rangi ya chai, vifundo viwili vya kuzungusha, na koti la ngozi ambalo babu alilishonesha mwenyewe ili vumbi lisiingie. Mawe yake sita, yaani betri, yakichoka yalianikwa juu ya bati tangu asubuhi, jioni yanarudishwa, yanaongea tena kidogo. Saa ya matangazo ya vifo hakuna aliyethubutu kukohoa. Baada ya mazishi nyanya aliniita. Yeye huniita mume wangu, kwa sababu nimebeba jina la babu. Akanipa redio. "Mume wangu, itunze hii."

Ilikuwa inafanya kazi. Hilo ndilo nawaomba mlikumbuke mpaka mwisho wa makala: ilikuwa inafanya kazi.

Mimi nilitaka ganda. Nilikuwa nimeona kwenye intaneti watu wa Ulaya na vyombo vyao vya mbao na vifundo vikubwa, moyo ukanienda mbio. Nikafungua. Ndani ya redio kama ile, ule mshale unaopita kwenye namba za stesheni unavutwa na uzi. Uzi mmoja mwembamba, umezungushwa kwenye vigurudumu vitatu vinne, umekazwa na springi ndogo kama ya kalamu. Niliukata nione itakuwaje. Springi iliruka ikapotelea chini ya kitanda, mshale ukaanguka upande kama mtu aliyezimia. Halafu kuna ile fimbo nyeusi ya feraiti, iliyoviringwa waya mwembamba kuliko unywele, inayonasa mawimbi. Nilipoivuta ilivunjika vipande viwili, safi kabisa, kama chaki.

Nilibeba mabaki hadi kwa mzee mmoja fundi wa redio pale soko la Kibuye. Aliyageuza kiganjani, akayaangalia, akavua miwani. "Kijana, ungeniletea kabla hujakata." Hakusema lingine. Akaendelea na pasi aliyokuwa akitengeneza.

Sitawachosha na miezi iliyofuata. Nilijifunza kulehemu, niliunguza vidole, niliunguza godoro.

Kilichoniokoa ni chipu moja ndogo yenye miguu 14, inaitwa 40106. Mimi huagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, inaletwa na basi kama kifurushi cha omena. Ndani yake mna milango sita. Kila mlango ukiuwekea rezista moja, ile inayobana umeme, na kapasita moja, ile inayouhifadhi kidogo, unaanza kutetemeka wenyewe, na mtetemo ukifika kwenye spika ni sauti. Rezista ikiwa kubwa sauti ni nzito, ikipungua sauti inapanda. Chipu moja, sauti sita. Inakubali volti 3 hadi 15, kwa hiyo mawe sita ya babu, volti 9, yalitosha kabisa. Nilipoligundua hilo nilitoka nje nikazunguka nyumba.

Badala ya vifundo nikaweka vile vijicho vinavyohisi mwanga, vile vile vinavyowasha taa za geti giza likiingia. Penye giza kijicho ni rezista kubwa, penye mwanga inapungua. Nilivipanga vitatu nyuma ya kioo cha stesheni, pale mshale ulipokuwa ukipita. Ukipitisha mkono juu ya kioo, kivuli chako ndicho kinachopiga muziki. Wazo la kupiga bila kugusa si langu. Mrusi Lev Termen alishatengeneza chombo kisichoguswa mnamo 1920, ingawa chake hakikuhitaji mwanga. Lakini chake hakikukaa ndani ya redio ya babu yangu.

Nilikiita Kwarara, kama wale ndege wanaotuamsha alfajiri kwa kelele. Usiku, chini ya balbu moja, kilikuwa kitu cha ajabu. Jirani alikuja kulalamika akakaa saa nzima.

Basi mwandalizi mmoja wa tamasha akanialika nipige ufuoni mwa ziwa. Saa nane mchana. Mnalijua jua la Kisumu la saa nane. Nilipanda jukwaani na shati jipya, nikawasha, nikanyoosha mkono kama padri. Kimya. Nikasogeza mkono. Kimya. Mtu nyuma akapaza sauti, "Anika mawe!" na umati wote ukaangua kicheko. Nilishuka. Malipo tuliyokubaliana yaligeuka soda moja na nauli ya bodaboda, na yule mwandalizi hapokei simu zangu hadi leo. Namtakia maisha marefu.

Na kumbe Kwarara hakuwa amezimika. Juani kile kijicho kilishuka karibu na sifuri, mtetemo ukapanda ukapita 20,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu haliendi huko. Labda mbwa wa ufuoni walisikia onyesho zuri sana.

Dawa yake ilikuwa rezista moja ya kilo-omu 10, mistari ya kahawia, nyeusi na machungwa, bei ya peremende, inayofuatana na kijicho ili hata jua likiwaka vipi sauti isipande kupita hapo. Pamoja na kapasita iliyoandikwa 104, ukomo unakuwa kama mitetemo elfu moja kwa sekunde. Peremende moja, ndugu zangu. Sasa kila chombo nakitoa nje mchana kabla sijakifunga. Kijaribuni mahali kitakapopigwa. Nimeshasema kijaribuni? Kijaribuni tena.

Pia, redio yenye waya wa kwenda ukutani iacheni, hasa zile za taa za kioo. Stima ya volti 240 haina mwanafunzi, na kapasita zake kubwa zinaweza kukuuma hata ukishachomoa plagi. Anzeni na mawe.

Na ganda liwe la mwisho. Vijana wetu tunapenda mbao ing'ae, kitambaa kipendeze, picha ipate watu mtandaoni, halafu ndani waya zinaning'inia kama tambi. Mimi ndiye nilikuwa hivyo, kwa hiyo nina ruhusa ya kuwagombeza. Tengenezeni kwanza kwenye kipande cha mbao na misumari, kilie wiki nzima, ndipo mtafute nyumba yake. Nyumba zipo tele. Nendeni Kibuye Jumapili, kuna redio zilizokufa zamani, hazina mwenyewe, hazina nyanya.

Nyanya hajawahi kunifokea. Nilimpigia Kwarara siku moja sebuleni. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akauliza, "Sasa matangazo ya vifo yanakuja saa ngapi?" Siku hizi akiniita ananiita kwa jina la shule.

Usiku huu nimemjibu yule kijana wa Kakamega. Nilimuuliza swali moja tu: hiyo redio inaongea?

Akajibu haraka: "Inaongea sana kaka. Babu ametoka kidogo kwenda kuoga, anarudi kusikiliza taarifa ya saa tatu."

Nimemwandikia arudishe skrubu. Ujumbe ameusoma. Saa zangu zinasema saa tatu kasoro dakika sita.