Miaka saba na boa wa mchangani: jibu kwa dada anayetaka kumnunulia mwanawe nyoka

Dada, umesema mwanao wa miaka kumi anataka nyoka, baba yake hataki hata kulisikia hilo neno, na wewe unatafuta mtu aliyefuga kweli akwambie raha ni ipi na taabu ni ipi. Mimi ninaye mmoja hapa Minneapolis, mwaka wa saba huu. Nitakueleza yote, hata yale yanayoniuma.

Wangu ni boa wa mchangani, jike. Huku Marekani aina hii huuzwa kwa jina la Kenya, na ni jina hilo lililonisimamisha dukani. Mimi ni mzaliwa wa Voi. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa na babu kando ya shamba la mkonge, akamwona nyoka mnene, mfupi, rangi ya machungwa yenye madoa ya kahawia, nusu ya mwili imezama mchangani. Akamkata kwa jembe, akaniambia huyo ni kifutu. Miaka zaidi ya ishirini baadaye namwona yule yule nyuma ya kioo, na kibao kinasema hana sumu. Babu simlaumu. Kifutu amewaua na kuwalemaza watu wengi kwetu, na mzee aliye shambani na mjukuu wake hana nafasi ya kuinama akague kichwa cha nyoka. Ila nilitaka kumjua kiumbe ambaye nilimwona mara moja tu, tena akiwa vipande viwili. Nikamnunua kwa dola 80, nikamwita Sagalla, kwa jina la vilima vya kwetu.

Nianze na raha. Nyoka hatakupenda, dada, na mwanao alijue hilo mapema. Hatamkimbilia mlangoni akitoka shule. Anachoweza ni kumzoea mtu, akaacha kumwogopa, na hilo nalo huchukua miezi. Raha iko katika kutazama. Mchana Sagalla haonekani kabisa, yuko chini ya matandiko yake. Jioni, taa zikizimwa, huchomoza kichwa. Macho yake yako juu kabisa ya kichwa, kwa hiyo mwili wote unaweza kuwa umefukiwa na bado akaona. Siku ya chakula hulala hivyo hivyo, pua na macho tu nje, na panya akisogezwa kwa koleo huruka kwa ubavu, akamzungushia mwili na kumvuta chini. Nimeona mara mamia na bado huwa nashika pumzi.

Halafu kuna kuvua gamba. Macho huwa ya kijivu-bluu kama yamefunikwa na ukungu, siku chache baadaye yanasafika, kisha usiku mmoja gamba linatoka zima, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, limegeuka ndani nje kama soksi. Mwanangu wa kike huyaweka kwenye daftari na kuandika tarehe. Ana kumi na saba sasa.

Mama yangu alipokuja kutoka Voi alikaa nasi miezi miwili. Wiki ya kwanza hakuingia sebuleni baada ya magharibi. Unajua kwetu usiku nyoka hatajwi kwa jina, huitwa kamba, asije akaitika. Basi kila jioni aliuliza kutoka jikoni, “Kamba imefungiwa?” Nami namjibu, “Imefungiwa, mama.” Kabla hajaondoka alikuwa anavuta kiti mbele ya kioo na kahawa yake, amsubiri achomoze. Hakumgusa hata siku moja, wala sikumwomba amguse.

Sasa taabu. Kubwa kuliko zote ni kwamba nyoka halii. Mbwa akiumwa utasikia, paka utamwona. Nyoka anaweza kuungua mbele yako na usijue, na wangu aliungua. Aliyeniuzia alinipa mkeka wa umeme wa kuweka chini ya tangi na mfuko wa mchanga mwekundu, akasema yatosha. Hakunieleza kwamba mkeka bila themostati, kifaa cha kudhibiti joto, hupanda joto bila kikomo, na kwamba boa huyu, kwa kuwa maumbile yake ni kuchimba, ataenda hadi chini kabisa na kulala juu ya kioo chenye moto. Juu ya mchanga kipimajoto changu kilisoma nyuzi 30, nikaridhika. Chini kulikuwa na tanuri. Mwezi wa tatu nilimwinua nikakuta magamba ya tumboni yamekuwa ya hudhurungi na mengine yananyanyuka. Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama anayetibu reptilia, mwendo wa dakika arobaini, na kwa marhamu na ziara tatu nililipa zaidi ya mara tatu ya bei ya nyoka mwenyewe. Alipona, lakini alama zipo mpaka leo, na kila nikimsafishia tangi naziona. Ilikuwa juu yangu kupima chini, na sikupima.

Kwa hiyo themostati kwanza, nyoka baadaye. Kihisio chake kiwe pale nyoka atakapolala, si pale unapofikia kwa urahisi. Kwa aina yangu upande wa joto uwe kama nyuzi 33 za Selsiasi, na upande wa pili 25 au 26, ili achague mwenyewe. Mchanga niliutoa. Panya akiwa na unyevu hubeba mchanga hadi tumboni mwa nyoka, na daktari alinionya kwamba unaweza kumziba. Natumia maranda ya mti wa aspen, yanafanana na yale tunayowatandikia kuku. Usitumie ya mwerezi, mafuta yake ni sumu kwao.

Chakula ndicho kitakachomkera mumeo. Panya huja wamegandishwa, na mahali pao ni kwenye friza. Mke wangu alikubali kwa sharti la sanduku lenye kifuniko, chini kabisa, mbali na samaki. Usiku mmoja kabla namhamisha panya kwenye jokofu ayeyuke, kisha namtia ndani ya mfuko kwenye maji ya moto apate joto la mwili. Maikrowevu usiijaribu, humpika ndani na kumpasua. Sagalla anakula mmoja kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na baada ya kula namwacha siku mbili bila kumshika, la sivyo hutapika.

Halafu kuna kugoma. Mwaka wa pili alikataa kula kuanzia Novemba hadi Machi. Nilibadilisha kila kitu, nikakosa usingizi. Kilichonitoa kwenye hofu ni mizani ya jikoni: nilimpima kila Jumapili nikaandika, na katika miezi hiyo yote hakupungua hata sehemu ya kumi ya uzito wake. Siku moja akala kama hakuna kilichotokea. Nunua mizani.

Alitoroka mara moja, siku sita, nikampata nyuma ya jokofu kwenye joto la mota. Sasa kifuniko kina kufuli. Na hapa kwetu, Januari, umeme ukikatika nje kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, huna saa nyingi: mfuko wa kitambaa, sanduku la kuhifadhia baridi, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo. Ninyi mlioko Houston labda shida yenu ni joto.

Kwa mtoto wako nina mashaka na boa huyu, kwa sababu kutwa hujificha na mtoto huchoka kutazama maranda. Nyoka wa mahindi, ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, huonekana zaidi, ni mpole na hula vizuri. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, maana reptilia hubeba bakteria wa salmonela, na kama nyumbani kuna mdogo wake aliye chini ya miaka mitano, huyo asimguse kabisa. Mwanao asimtake chatu mkubwa hata akilia. Mwaka 2012 serikali ya Marekani iliwaweka chatu wa Burma na chatu wa miamba wa Afrika katika orodha ya wanyama wenye madhara, kwa sababu Florida chatu wa Burma walioachiliwa au kutoroka wamezaana kwenye mabwawa ya Everglades wakawapunguza sana wanyama wa pale.

Na ninyi mnaosoma mkiwa Kenya, msije mkamfuata boa porini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na zaidi ya hapo, mchangani kifutu na boa hutofautishwa na jicho lililozoea. Mwacheni apite. Mlioko pwani, kituo cha Bio-Ken kule Watamu kina watu wanaojua kuwatoa nyoka majumbani bila kuwaua.

Dada, mumeo usimlazimishe. Mtafutie mfugaji aliye karibu, aende jioni moja akae tu, bila mtu kumwambia ashike. Mpe na hesabu ya miaka: nyoka wa aina hizi huishi miaka 15, 20, hata zaidi. Mwanao atakwenda chuo akiwa na miaka 18 na huyo nyoka atabaki sebuleni kwenu. Muulizane sasa nani atakayempa panya. Wangu anaenda chuo mwaka ujao, na sisi tumeshakubaliana ni mimi.

Siku ya kununua, muulize muuzaji nyoka huyo alikula lini mara ya mwisho na alikula nini, na umwombe amlishe mbele yako panya wa kugandishwa. Asipokubali, rudi nyumbani mikono mitupu.