Sila imetoka nyeupe kwenye mlango wa mvule, niikwangue?

Ndugu, usiikwangue. Umesema umeziba nyufa za mlango wa mvule kwa sila ya kahawia ya maji, yaani ile dawa laini ya kuzibia nyufa, na sasa inaonekana kama chai iliyozidi maziwa. Ndivyo inavyokuwa ikiwa mbichi. Ndani yake mna chembechembe za plastiki zinazoelea majini, na mwanga ukizipiga hutawanyika, ndio ule weupe. Maji yakitoka, chembe hugandana zikawa ngozi moja inayopitisha mwanga, weupe ukaondoka, ikabaki kahawia yenyewe. Gundi nyeupe ya useremala nayo hukauka ikapitisha mwanga kwa sababu hiyo hiyo.

Inama uutazame ufa kwa karibu. Kingo, pale sila ilipo nyembamba, zimeshaanza kukoza na katikati bado kumepauka. Ukiona hivyo jua kazi inaendelea.

Hapa Lamu lakini usitegemee muda ulioandikwa kwenye mkebe. Hewa yetu ina unyevu, na masika ndiyo usiseme. Ufa wa kina ukiujaza kwa mkupuo mmoja, juu hufanya ngozi na ndani maji yakafungika, mstari ukabaki na ukungu muda mrefu. Jaza kidogo, ikauke, kisha uongeze.

Vanishi ya mafuta ni kinyume chake. Ikiwa mbichi mbao huonekana imekoza sana na kumeremeta, ikikauka hutulia, hasa ile isiyong'aa. Baadaye huzidi kuwa ya manjano mwaka hadi mwaka. Na kuna vanishi ya kupuliza iliyochanganywa na tina, kile kiyeyushio kinachoruka upesi, ambayo siku ya unyevu hugeuka nyeupe baada ya kupigwa: tina huruka haraka, uso wa mbao ukapoa, mvuke wa hewani ukageuka maji juu yake. Huo ni ugonjwa mwingine, usiuchanganye na wako.

Kinachonitia wasiwasi kwako si weupe, ni mvule wenyewe. Mvule uliotoka kupigwa msasa una umanjano, ukikaa kwenye mwanga huingia kahawia. Sila haitaufuata. Ukichagua rangi inayolingana na mbao ya leo, baada ya miezi nyufa zitaonekana kama mistari ya chaki. Mimi huchukua iliyokoza kidogo kuliko mbao, hata mwenye mlango akininung'unikia. Wenye nyumba za wageni kule Shela, kijiji cha kisiwani hapa, ndio wagumu zaidi, wanataka rangi ilingane siku ile ile ya kulipa!

Kabla hujaendelea, tafuta kibao cha mvule huo huo, kipige msasa, chora mstari wa sila, ukiache kivulini mpaka kikauke kabisa, halafu paka nusu yake vanishi utakayomalizia. Hapo ndipo uamue rangi. Tupia picha, na useme mlango unapigwa na jua la asubuhi au la jioni.