Mwembe juu ya paa: watu wangapi wanatosha kuukata?

SWALI: Uani kwetu kuna mwembe mkubwa ambao matawi yake yamelala juu ya paa letu na la jirani. Fundi mmoja amesema atakuja na msaidizi mmoja tu. Mwingine anasisitiza watu wanne, na bei yake ni kubwa zaidi. Je, huyu wa pili anatutoza watu wasiohitajika? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuhesabu watu, waulize mafundi wote wawili: mpandaji akiumia akiwa juu, nani atamteremsha, na kwa vifaa gani? Anayejibu kwamba msaidizi atakimbia kuita watu bado hajapata timu, hata akija na kumi.

Mwongozo wa kazi hii nchini Uingereza unataka watu wasiopungua wawili kila mtu anapopanda mti, na mmoja wa walio chini awe na ujuzi na vifaa vya kumwokoa mwenzake bila kuchelewa. Maana yake ni kwamba mwokoaji naye ni mpandaji, mwenye mkanda na kamba zake mwenyewe, zikiwa zimewekwa chini ya mti tayari kwa kazi na si kufungiwa ndani ya gari. Haraka hiyo ina sababu: jeraha la msumeno wa mnyororo linaweza kummaliza mtu damu kwa dakika chache, na aliyezimia akining'inia kwenye mkanda hawezi kuachwa hivyo, kwa kuwa damu hutuama miguuni.

Mimi mwenyewe, katika mwaka wangu wa pili wa kazi, nilibanwa mkono na tawi la mkwaju. Kijana niliyekuwa naye alikuwa na nguvu na moyo mwema, lakini hakujua kupanda, na nilikaa juu hadi alipopatikana mkwezi wa minazi kutoka mtaa wa pili. Tangu siku hiyo sipandi mti kama chini hakuna mpandaji mwingine.

Mwembe wenu una jambo la ziada. Matawi yaliyo juu ya mabati hayaangushwi. Hufungwa kamba, hukatwa, kisha huteremshwa polepole na mtu aliye chini, ambaye huizungusha kamba kwenye shina ili msuguano ubebe uzito. Mtu huyo hawezi kuwa ndiye mwokoaji, kwa sababu mpandaji akiumia wakati tawi linaning'inia, mikono yake haiwezi kuachia kamba. Kwa hiyo watatu ni lazima. Wa nne huwazuia watoto na majirani wasiingie chini ya mti na huondoa matawi yaliyokwisha kushuka, na kwa kuwa nyua mbili zinahusika, naona anahitajika. Mti uliosimama peke yake shambani ungewatosha wawili.

Najua mtaniambia kwamba wakwezi wetu hupanda minazi peke yao kila siku. Nawaheshimu sana, lakini mkwezi hupanda na panga na kuangua nazi, wala hawashi mashine karibu na kamba inayombeba. Ndiyo maana anayekata kwa msumeno wa mnyororo akiwa juu hujifunga kwa njia mbili zinazojitegemea, ili moja ikikatwa nyingine imshike. Msumeno huvutwa juu kwa kamba baada ya yeye kutulia, na huushika kwa mikono yote miwili.

Kama nyaya za umeme zinapita karibu na matawi, wasilianeni kwanza na TANESCO wazime, kwa maana tawi bichi hupitisha umeme na wingi wa watu haumkingi yeyote.

Mwambieni fundi wa pili awaonyeshe mwokoaji wake kabla hajaanza kupanda. Mkitaka kupunguza gharama, vijana wa nyumbani wanaweza kubeba matawi, mradi wasubiri nje ya eneo la kuangukia mpaka waitwe.