Shimo halichimbwi penye kivuli

Wadogo zangu wa udongo, wiki iliyopita nilikuwa napandisha Tandahimba, nikaona gari limeegeshwa pembeni ya barabara, turubai limetandazwa, na vijana watatu wamezunguka shimo la profaili, lile la kusomea matabaka ya udongo. Shimo lenyewe zuri, kona zimenyooka, kina kama mita moja na nusu. Mmoja amekaa ukingoni, miguu ameining'iniza upande uleule wa ukuta wa kusomea, anatafuna muhogo wa kuchoma. Na juu yao, umetandaza matawi kama mama kuku, mkorosho wa miaka arobaini hivi.

Nikasimama. Shikamoo, marahaba. Nikauliza, mbona hapa?

"Jua, mzee."

Sikusema kitu. Niliondoka nikicheka peke yangu ndani ya gari, kisha kicheko kikakata. Shimo hilo nalijua. Nilishalichimba mimi, kijiji kingine, miaka mingi nyuma, kwa sababu hiyohiyo. Basi yafuatayo ni kwa ajili yenu mnaoingia kazini na mmepewa sirizi yenu ya kwanza ya udongo kuielezea. Na sirizi ninayosema si ile ya kwenye king'amuzi; ni kundi la udongo unaofanana tabaka kwa tabaka, lililopewa jina lake.

1. Mahali pa shimo.

Hapa nitakaa muda mrefu, mnivumilie.

Ilikuwa Agosti, juu ya uwanda wa Makonde. Tulikuwa na kazi ya kuchimba mashimo manne, kujaza fomu, kupeleka sampuli maabara na kurudi na maelezo ya udongo mwekundu wa kichanga ambao kila mtu aliyewahi kulima huku anaujua kwa nyayo zake. Shimo la tatu ndilo shimo mama, lile ambalo namba zake zingebeba jina la sirizi yote. Tukafika saa nne asubuhi. Jua la uwandani saa nne mnalijua. Ramani ilisema tuchimbe katikati ya tambarare, kwenye shamba lililopumzishwa. Mimi nikaona mkorosho hatua kama sitini kutoka pale, nikasema udongo ni uleule, tuchimbie pale tupate kivuli. Mimi ndiye niliyesema. Wachimbaji walifurahi, dereva akafurahi, mimi nikajiona kiongozi anayejali watu wake.

Mwenye shamba, babu mmoja mwenye kofia ya kiua, alikuja na kigoda chake akakaa. Akatuangalia tunachimba. Akasema, "Hapa ndipo ninapojazia mashine salfa ya kupulizia mikorosho, wajukuu." Nikamwambia sawa babu, tutafukia vizuri tukimaliza. Yaani nilisikia maneno yake kama mtu anayelalamikia uwanja wake kuchafuliwa. Akarudia mara ya pili, akaongeza kwamba mti ule ndio wa kwanza kupulizwa kila mwaka kwa sababu uko karibu na nyumba. Nikaitikia tena. Nilikuwa nahangaika na kitabu cha Munsell cha rangi za udongo, natafuta kama rangi ni 2.5YR au 5YR, nikijua kwamba mambo makubwa yapo kwenye kitabu.

Kibaya zaidi ni hiki. Tulianza kazi asubuhi ile huku jirani bado anamalizia kupuliza mikorosho yake; salfa hupulizwa alfajiri umande ukiwepo na upepo umelala, yeye alikuwa amechelewa, lakini ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, hausubiri. Blowa inanguruma ng'ambo ya ua. Vumbi la manjano lilitua juu ya turubai letu, likatua kwenye kifuniko cha chupa yangu ya chai. Nikalipuliza kwa mdomo nikanywa. Ushahidi wote ulikuwa juu ya kikombe changu, na mimi nikaunywa.

Majibu ya maabara yakaja baada ya wiki sita. Tabaka la juu pH 4.4, na pH ikishuka ndivyo tindikali inavyozidi. Linalofuata 4.9. Chini ya nusu mita, 5.6. Aluminiamu inayobadilishana imejaa juu, kalsiamu haba. Mtu mwenye akili iliyotulia angeuliza: kwa nini tindikali hii imekaa juu tu, kama kofia? Mimi nikaandika kwamba sirizi hii ina "tindikali kali ya asili katika tabaka la juu", nikaipaka ramani nzima ya uwanda rangi moja, nikapendekeza chokaa kwa wakulima wote. Nikaongeza na aya moja ya kujidai kuhusu mvua kuosha besi, yaani madini kama kalsiamu, kwa maelfu ya miaka. Ilikuwa aya nzuri sana. Bado naikumbuka.

Mkubwa wangu wa kazi alisoma, akakaa kimya, akaniuliza swali moja: "Mlichimba chini ya nini?"

Salfa ikianguka ardhini haikai salfa. Vijidudu vya udongo vinaigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na kwa hesabu ya kemia kila kilo moja inahitaji kama kilo tatu za chokaa safi ya kilimo kuizima. Udongo wa kichanga wenye CEC ndogo, yaani uwezo mdogo wa kushika virutubisho, hauna mto wa kulalia. Ukiupiga mwaka baada ya mwaka chini ya mti mmoja, pH inashuka. Salfa imepulizwa kwenye mikorosho ya kusini kwa miongo kadhaa, na suala hili la salfa na tindikali lilishaandikwa na watafiti kabla sijagusa jembe. Nilikuwa nimelisoma! Nililisoma nikiwa chuoni, nikajibu swali la mtihani, nikapata alama. Halafu nikaenda kuchimba shimo ndani yake.

Nilirudi kuchimba upya kwa gharama zangu, bila posho. Hatua sitini tu, pale ramani iliposema tangu mwanzo. Tabaka la juu likatoka 5.9. Sirizi ni hiyohiyo, rangi hiyohiyo, kichanga hichohicho, ila sasa ilikuwa inazungumza yenyewe. Babu alikuja na kigoda chake akakaa, safari hii juani. Hakusema lolote kuhusu salfa. Alinipa ming'oko ya kuchemsha kwenye sahani ya bati, akaniuliza kama udongo wa Dar es Salaam nao tunauchimba hivi, au tunawasumbua wao tu.

Kwa hiyo: chini ya mwavuli wa mkorosho hapana, kwenye njia ya ng'ombe hapana, penye tanuri la zamani la mkaa hapana, kwenye kichuguu hapana. Kama lengo lenu ni kupima athari ya salfa, chimbeni mawili, chini ya mti na nje ya mti, na mseme hivyo kwenye fomu.

2. Mandhari.

Neno katena lilizaliwa hapahapa nyumbani. Geoffrey Milne alikuwa mkemia wa udongo kule Amani, Usambara, miaka ya 1930, akaona kwamba ukishuka kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni udongo unabadilika kwa mpangilio unaojirudia, kama pete za mnyororo. Sasa inakuwaje kijana wa Kitanzania anachimba mashimo matatu yote mgongoni mwa kilima, eti kwa sababu gari haliwezi kushuka?

Uwanda wa Makonde unadanganya. Kutoka pwani unapanda polepole hata hujui kama unapanda, maji yote yanazama mchangani, huoni kijito. Halafu unafika Newala ardhi imekatwa kama kwa panga na Ruvuma iko chini kule. Usichukue shimo la juu ukalipeleka chini ya ukingo. Tembea kwanza na kekee ya udongo, toboa sehemu kumi kabla ya kuchimba shimo moja.

Na jipiesi: ramani za zamani za 1:50,000 ziko kwenye Arc 1960, simu yako iko kwenye WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali, na tofauti ni kama mita 300. Mita 300 huku ni kutoka kichanga hadi mbuga nyeusi ya mfinyanzi.

3. Maabara.

Mnaipeleka mifuko maabara kama mtu anayepeleka nguo kwa dobi, mnarudi kuchukua. Hapana. Kaa, angalia.

Haidromita, kile kifaa kinachoelea majini kupima mfinyanzi, imetengenezwa kwa joto la nyuzi 20. Chumba cha maabara Mtwara bila kiyoyozi Januari ni 29. Kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.36 kwenye usomaji. Nyuzi tisa ni zaidi ya 3, na kama sampuli yako ni gramu 50 umeshapoteza asilimia sita na nusu ya mfinyanzi. Kwenye udongo wenye mfinyanzi asilimia 20 huo si upungufu mdogo, ni wizi. Weka silinda moja isiyo na udongo, yenye maji na dawa ileile ya kutenganisha chembe, uisome sambamba na nyingine, ugomvi uishe.

Kosa hilo halikai peke yake. Mfinyanzi ukipungua kwenye karatasi, CEC ya kila kilo ya mfinyanzi inapanda, na udongo mchovu unaanza kuonekana tajiri. Chukua CEC ya udongo 4, mfinyanzi asilimia 20: unapata 20 kwa kilo ya mfinyanzi, umevuka mstari wa 16, unaandika kwamba si Ferralsol, yaani si ule udongo mchovu. Lakini umesahau kaboni ya mboji. Kila asilimia moja ya kaboni inabeba yenyewe kama 3 hadi 4 ya hiyo CEC. Kaboni ikiwa asilimia 0.4, toa 1.4 kwenye ile 4, kinachobaki ukigawa kwa mfinyanzi unapata 13. Jina la udongo limebadilika na hakuna aliyegusa jembe. Kuna mtu alinibishia hili kwa nusu saa kwenye basi la Masasi, abiria wote wakajua CEC ni nini.

Fosforasi: pH chini ya 7 tumia njia ya Bray, juu yake ya Olsen, na andika ulitumia ipi. pH pima kwa maji na kwa chumvi ya KCl, zote mbili. Lebo mbili kila mfuko, ya ndani kwa penseli, maana wino wa maka peni ukikutana na unyevu unahama.

4. Hali ya hewa.

Mvua ya kusini haijui kalenda. Inaanza Novemba au Desemba, inamaliza Aprili au Mei, na katikati, mwisho wa Januari au Februari, inakata wiki moja au mbili hadi mahindi yanajikunja. Wewe unajumlisha Januari hadi Desemba, unapata milimita zako, unafurahi. Umechanganya mkia wa msimu mmoja na kichwa cha mwingine. Jumlisha kwa msimu. Na wanaoainisha udongo wanataka siku ambazo udongo umekaa mkavu. Ndoo ya mvua haiwajibu hilo.

Joto nalo msilinakili kutoka kituo cha pwani mkalibandika Newala. Kila mita 100 za kupanda, toa nyuzi kama 0.6.

Mkiona haya ni madogo, pandeni Nachingwea mkaulize habari za mradi wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1947 walikuja na matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda ndani, Kongwa na Urambo nako wakang'oa miti, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini walilima kabla ya kujua mvua inanyeshaje na udongo unagandaje kiangazi. Bandari tunayo bado. Reli iling'olewa.

5. Mwenye shamba.

Muulize kabla ya kushusha majembe: hapa palikuwa na nini? Alichoma nini, alimwaga nini, alihamisha lini nyumba. Kisha nyamaza.

Nyinyi watatu wa Tandahimba, nilirudi jioni ile nikazungumza na mwenye mkorosho. Shimo lenu litafukiwa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitawakuta palepale na ramani, na shimo jipya litakuwa shambani katikati, kweupe. Njooni na kofia. Na yule wa muhogo, miguu yako nimeipiga picha.