Labo ya biokemia wanafanya nini hasa?

Yaya, umeuliza kama kijana wako akiingia labo ya biokemia hapa Bukavu atapima mikojo maisha yote. Mikojo atapima, ndiyo, ila angalia sababu.

Chukua muhogo mchungu. Ndani yake mna linamarini, kemikali inayobeba sianidi. Ukiukwangua, kimeng'enya cha mmea wenyewe kinaikata na sumu ya sianidi inatoka. Ndiyo maana mama zetu wanauloweka siku tatu hivi kabla ya kuuanika. Ukifupisha siku, sumu inabaki kwenye unga. Mwili huigeuza kuwa thiosianati, isiyo na sumu kali hivyo, kwa salfa itokayo kwenye protini, kisha huitoa kwa mkojo; ndiyo hiyo labo inaitafuta kwenye mkojo. Asiyeona samaki wala nyama anapungukiwa salfa hiyo, na hapo konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, inaweza kumkaza miguu ghafla. Daktari Trolli aliieleza kule Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, mwaka 1938. Siku hizi Mkongomani Désiré Tshala-Katumbay ni kati ya wanaoichunguza.

Watu wa labo wenyewe? Profesa, maasistanti, wanafunzi wanaoandika memwari ya kumaliza chuo, na fundi wa labo (huyo amheshimu, ndiye anajua kila chupa ilipo). Umeme ukikatika, wote wanakimbilia friji.