Jibu: Ndege-boti ya Urusi, M-5 au M-9?

Salaam mkuu. Kwa hiyo una picha ya zamani ya ndege-boti (ndege inayotua majini), umekwama kati ya M-5 na M-9 za mbunifu Mrusi Grigorovich, na nyuma ya picha hiyo kuna maandishi ya Kirusi yenye tarehe 3 Januari 1917.

Anza na injini, usianze na ukubwa. Mimi nilipoteza wiki nzima nikilinganisha upana wa mabawa, kumbe pembe ya kamera ilikuwa inanidanganya. M-5 kwa kawaida ilibeba injini ya Gnome ya nguvu za farasi 100, inayopozwa kwa hewa, silinda zake zikizunguka pamoja na propela. M-9 ilitumia injini ya Salmson ya farasi 150 inayopozwa kwa maji, kwa hiyo tafuta rejeta ubavuni mwa injini. Ukiziona, hiyo ni M-9. Bunduki ya rasharasha puani nayo huelekeza huko, ila usiitegemee peke yake.

Kuhusu tarehe, Urusi ilifuata kalenda ya Julius hadi 1918. Ongeza siku 13 kupata tarehe ya kalenda ya leo: yako ni 16 Januari.

Halafu, kujua picha ilipigwa bahari gani, kuza kofia za mabaharia. Utepe wake huandikwa jina la meli: Orlitsa ni Baltiki, Imperator Nikolai I ni Bahari Nyeusi. Tupia hapa kipande cha injini kikiwa kimekuzwa, tukitazame pamoja.